Damu nyingi, bado unapoteza: K-1 si Tekken

Swali la msomaji wa Morogoro: Mwalimu, shikamoo. Nimepata diski ya K-1 World Grand Prix ya PlayStation 2 (PS2), gemu la mashindano ya ngumi na mateke ya K-1. Kwenye Tekken, lile gemu jingine la kupigana, mtaani kwetu hakuna wa kunigusa, lakini hii inanidhalilisha. Juzi nilirudi nyuma raundi zote tatu nikikwepa, damu yangu (ule mstari wa uhai kwenye skrini) ikiwa nyingi kuliko ya mpinzani, majaji wakampa yeye. Siku nyingine nimeangushwa na kuhesabiwa na refa mara mbili tu, refa akafunga pambano. Mpiganaji wangu anachoka mapema, na mateke ya chini naona kama hayafanyi kazi. Nifanyeje? Halafu mdogo wangu wa miaka 13 anasema anajifunza ngumi na mateke kupitia gemu hili. Ni kweli?

Marahaba, mdogo wangu. Umenifurahisha, maana huku kwetu ni wachache wanaokaa na diski hiyo zaidi ya siku mbili. Wengi wanacheza mapambano matatu, wanapigwa, wanasema gemu zito, wanairudisha. Kabla sijaanza kufundisha ngumi na mateke nilikuwa na banda la gemu, na hilo nimeliona kwa macho yangu: kijana anayewafagia wote kwa Eddy Gordo kwenye Tekken, ukimwekea K-1 anabonyeza vilevile kwa kasi ileile, na dakika ya pili mpiganaji wake anahema huku mikono imeshuka. Vidole vyako ni vizima. Ila umehama mchezo na sheria umeziacha nyumbani.

Tuanze na ile siku ya majaji, kwa sababu ukiielewa hiyo mengine yatakuja yenyewe. Kwenye Tekken muda ukiisha anashinda mwenye damu nyingi. Kwa hiyo mchezaji mjanja akishatangulia kidogo tu anakaa mbali, anaziba, anaachia sekunde ziishe. Damu pale ni akiba, na mwenye akiba ndiye tajiri. Kwenye K-1 pembeni ya ulingo wamekaa watu watatu, na hao hawaangalii umebaki na nini, wanaangalia umefanya nini. Kila raundi mshindi anapewa pointi 10. Aliyezidiwa anapewa 9, na aliyeangushwa akahesabiwa anashuka hadi 8. Cha kwanza wanachopima ni nani kamwangusha mwenzake. Wakikosa hapo wanaangalia nani kamuumiza mwenzake, kisha mapigo safi yaliyoingia, kisha nani alikuwa anasonga mbele. Wewe ulirudi nyuma dakika tisa. Hata kama hukuumizwa, ungewaonyesha nini wale watatu?

Sheria hizi hazikuja kwa bahati. K-1 ilianzishwa Japani mwaka 1993 na Kazuyoshi Ishii, mwalimu wa karate wa shule ya Seidokaikan. Watu walikuwa wanabishana kila siku ni mtindo upi ulio bora kwa wanaopigana wakiwa wamesimama, na yeye akaamua kuwakutanisha ulingoni. Tarehe 30 Aprili 1993, Tokyo, watu wanane waliingia na mmoja akatoka bingwa usiku uleule. Bingwa alikuwa Branko Cikatić wa Kroatia, mtu wa miaka 38, aliyemlaza Ernesto Hoost wa Uholanzi kwa ngumi kwenye fainali. Hoost huyo ndiye alikuja kuwa bingwa mara nne baadaye. Nitamrudia, maana ndiye nitakayekushauri umchague.

Ishii alitaka pambano lisilolala. Ngumi za Kithai zinakwenda raundi tano, na mara nyingi mbili za mwanzo ni za kusomana. Kuna viwiko, na kuna kukumbatiana shingo kwa muda mrefu huku magoti yakifanya kazi. Yeye alikata raundi zikawa tatu za dakika tatu tatu, akaondoa viwiko, na kukumbatiana akakubana sana, ukimng'ang'ania mwenzako refa anakutenganisha. Pointi zikilingana inaongezwa raundi. Kwa hiyo mtu hana pa kujificha: hawezi kusubiri raundi ya nne, na hawezi kumshika mwenzake apumzike. Gemu lako limejengwa juu ya sheria hizo. Ndiyo maana Bruce Irvin wa Tekken, anayemaliza kazi kwa viwiko na magoti ya karibu, angeingia K-1 halafu refa angekuwa anamwonya kila baada ya dakika.

Kwa hiyo kuanzia leo usiitazame damu kama akiba. Mstari ule unakwambia tu uko karibu kiasi gani na kuanguka. Raundi unaishinda kwa kugusa na kuonekana unagusa. Hata ukiwa umechoka, sekunde 30 za mwisho wa raundi ingia na ngumi mbili tatu zilizonyooka. Mapigo ya mwisho ndiyo majaji wanakwenda nayo kwenye karatasi.

Sasa mateke ya chini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo K-1 yenyewe ilipo, na ndipo watu wa Tekken wanapopotea kabisa. Umezoea teke la chini kama pigo dogo la kumkera mtu, linalokula damu kidogo. Nikueleze lilivyo kwenye mwili.

Mara ya kwanza kupigwa teke la paja sawasawa nilikuwa na miaka 19. Aliyenipiga hakutumia unyayo, alitumia ugoko, ule mfupa wa mbele wa mguu, na alipiga pembeni ya paja, kiganja kimoja hivi juu ya goti. Nilisikia mshindo kama nimegongwa na mchi, maumivu yakawa madogo kuliko nilivyotegemea. Nikaendelea. La pili likaingia palepale. Nilipotaka kupiga ngumi ya kulia, ule mguu wa mbele ambao ndio ungebeba uzito wangu ukakataa. Haukuuma, ulikataa tu, kama si wangu. Nikatupa ngumi ya mkono peke yake, haina kiuno wala nyonga ndani yake. La tatu likanikalisha. Kesho yake nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta.

Hiyo ndiyo kazi ya teke la chini. Haliui papo hapo. Linakwenda kumnyang'anya mtu miguu, na asiye na miguu hana ngumi. Ukilipiga mara moja kushoto, mara moja kulia, mara moja juu, hujafanya kitu. Chagua mguu mmoja, ule wa mbele, ubaki nao.

Kosa la pili, na nina hakika unalifanya, ni kulipiga teke hilo peke yake ukiwa mbali. Mpinzani anakuona, anainua mguu, ugoko wako unakutana na ugoko wake au goti lake, na anayeumia ni wewe. Ulingoni kuna waliovunjika mguu kwa namna hiyo. Teke la chini linahitaji kutanguliwa na ngumi, na sababu yake ni rahisi: mtu hawezi kuinua mguu uliobeba uzito wake.

Hapa ndipo Hoost anapokuja. Mtazame kwenye video zake za zamani, halafu rudi kwenye gemu umchague. Mfululizo wake maarufu ni ngumi ya kushoto ya kuzungusha, aghalabu mbavuni upande wa ini, kisha teke la chini la mguu wa kulia. Jaribu mwenyewe umesimama. Ini liko kulia. Ukigongwa mbavu za kulia mwili unakimbilia kushoto, uzito wote unashukia mguu wa kushoto, ambao kwa mpiganaji wa kawaida ndio wa mbele. Sekunde hiyohiyo teke la kulia la Hoost linafika kwenye paja la mguu huo. Hauinuki tena. Hakuwa na nguvu kuliko wote, na wengi aliowashinda walikuwa wakubwa kuliko yeye. Alikuwa anajua uzito wako uko mguu gani kabla wewe mwenyewe hujajua. Walimpa jina la Mr. Perfect, na kwangu mimi hakuna jina lililomfaa mtu zaidi.

Kwenye pedi ya gemu fanya hivi: usilipige teke la chini ila baada ya ngumi mbili. Wiki nzima, pambano lote. Ngumi ya mbele, ngumi ya kuzungusha, teke. Ukiona mpinzani ameanza kushusha mikono kulinda miguu, hapo sasa teke la juu linapata njia. Peter Aerts na Mirko Filipović waliwalaza watu wengi kwa teke la kichwa, lakini mtu hupigwa teke la kichwa akiwa anafikiria paja lake. Mwaka 1998 Aerts alimaliza mapambano yake yote matatu ya usiku wa mwisho katika raundi ya kwanza, na fainali aliimaliza kwa teke la kichwa dhidi ya Andy Hug. Wanaoiga wanalianza teke hilo sekunde ya tano ya raundi, linakata hewa, na nguvu zinakwenda nalo.

Nimemtaja Andy Hug, siwezi kumpita. Alikuwa Mswisi, mtu wa karate, mdogo wa umbo kwa wenzake wa uzito wa juu. Mike Bernardo wa Afrika Kusini, bondia mrefu mwenye ngumi nzito, alimshinda mwaka 1995. Wakakutana tena fainali ya 1996. Hug alimla paja kwanza kwa mateke ya kawaida. Kisha akazunguka kwa mgongo kama anayetaka kupiga kichwani, mikono ya Bernardo ikapanda, na kisigino cha Hug kikashuka kwenye paja lilelile. Bernardo akaenda chini, hakusimama kuendelea. Hug alifariki Agosti 2000 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 35, na mimi kila nikimfundisha kijana teke la kuzunguka namkumbuka. Ukimkuta kwenye orodha ya wapiganaji wako, usimchague kwanza. Mateke yake ya kushusha kisigino yanavutia sana macho, na mchezaji mpya anayapiga hayo tu mpaka anachoka.

Kuhusu kuchoka, basi. Umesema mpiganaji wako anaishiwa mapema, na kwa maelezo yako naona sababu mbili. Unapiga mateke mengi yanayokosa, na pigo lililokosa linachosha kuliko lililoingia, kwa sababu mwili wako mwenyewe ndio unaolisimamisha. Hilo ni kweli ulingoni, na gemu la aina hii linajaribu kulifuata. Sababu ya pili ni kwamba unabonyeza bila kupumua. Piga mapigo matatu, toka hatua moja pembeni, hesabu mbili, rudi. Pembeni, si nyuma. Ukirudi nyuma unakutana na kamba.

Halafu kuna hili la mashindano ya usiku mmoja, ambalo kwangu ndilo roho ya K-1. Bingwa alitakiwa apigane mara tatu usiku uleule: robo fainali, nusu fainali, fainali. Kila ulichopigwa saa mbili usiku unakwenda nacho saa nne. Hakuna damu kujazwa upya kama kwenye gemu zingine. Tarehe 7 Desemba 2002, Tokyo Dome, Hoost alikutana robo fainali na Bob Sapp, Mmarekani wa zaidi ya kilo 150 aliyekuwa ameshampiga miezi miwili kabla. Sapp akampiga tena. Lakini Sapp alivunjika mkono katika pambano hilo, hakuweza kuendelea, na kwa sheria za K-1 nafasi ya mshindi aliyeumia inaweza kuchukuliwa na yule aliyeshindwa naye. Hoost, aliyekwisha kupigwa usiku huo, akarudi ulingoni. Akamtoa Ray Sefo. Kwenye fainali akakutana na Jérôme Le Banner wa Ufaransa, mtu wa mkono wa kushoto mwenye ngumi ya kubomoa ukuta.

Alifanyaje? Alianza kumpiga mateke ya katikati, ya mbavuni, na Le Banner akawa anayazuia kwa mkono wake wa kushoto. Anazuia vizuri kabisa, usione kosa. Lakini ni ugoko unaogonga mkono, tena na tena palepale, na mkono ule ukavunjika. Le Banner akajaribu kuendelea, refa akasimamisha, na Hoost akachukua taji lake la nne akiwa na miaka 37. Rudi sasa kwenye suala la kujikinga. Kwenye Tekken ukiziba umeziba. Kwenye ngumi na mateke kuziba kuna bei, na mwenye akili anapiga kwenye kinga yenyewe. Kwa hiyo mpinzani akianza mateke ya katikati, usisimame kuyapokea kwa mikono. Yaingie kwa ngumi iliyonyooka wakati amesimama na mguu mmoja, au utoke.

Na unapocheza mashindano yenyewe, cheza robo fainali ukijua kuna mbili mbele. Mmalize mapema ukiweza, na kama huwezi, shinda kwa pointi bila kuingia kwenye kupigana uso kwa uso. Hapo kukwepa kwako kutakufaa, ila kukwepa kunakoambatana na pigo.

Kuhesabiwa ni jambo fupi. Ukianguka kwa pigo, refa anahesabu hadi nane hata ukisimama kwenye mbili. Katika mapambano ya awali ya mashindano, kuangushwa mara mbili ndani ya raundi moja kunamaliza pambano, na fainali ni mara tatu. Ndicho kilichokupata. Kwa hiyo ukishahesabiwa mara moja, raundi hiyo imebadilika: usiende kulipiza. Inua mikono, zunguka, mpige ngumi ya mbele kumweka mbali, ufike kengele. Raundi inayofuata hesabu inaanza upya. Vijana wengi wanapoteza hapa kwa hasira tu, wanasimama wakiwa wanataka kurudisha deni palepale, na la pili linawakuta mikono iko chini. Ukumbini kwangu naliona kila mwezi.

Kama diski yako ina maandishi ya Kijapani, tafuta toleo la Kiingereza. Kampuni ya Konami ilitoa moja Marekani mwaka 2003. Angalia pia kanda ya mashine yako, yaani eneo la dunia ililotengenezewa, kabla hujalipa, maana diski ya Marekani au Japani haichezi kwenye PS2 ya kanda ya Ulaya ambayo haijafanyiwa marekebisho. Zile za PlayStation ya kwanza, za mwishoni mwa miaka ya 1990, ni nzito mkononi, lakini anayetaka kuwaona wapiganaji wa kizazi cha Hug na Aerts katika ubora wao atazipenda.

Sasa mdogo wako. Anachokisema kina ukweli ndani yake, na usimcheke. Gemu hili linaweza kumfundisha macho: umbali, ngumi kabla ya teke, kutoka pembeni, kuheshimu refa, kujua kwamba kuna pambano lingine baada ya hili. Nimewahi kupokea vijana waliofika ukumbini wakijua hayo yote kutokana na gemu, na kuwaeleza mbinu ilikuwa rahisi zaidi. Lakini mwili haujifunzi kwa kidole gumba. Teke linatoka kwenye unyayo wa mguu uliosimama, unaogeuka mpaka kisigino kinatazama mbele, nyonga inafuata, na ugoko unakuja mwisho kama mkia. Hilo hakuna pedi inayoweza kukupa.

Ana miaka 13, mifupa na maungio yake bado yanakua, kwa hiyo mambo ya kugongesha ugoko kwenye vitu vigumu ili uwe sugu, anayoyaona kwenye video, mkataze kabisa. Na nyinyi wawili msipigane mateke ya paja nyumbani bila kinga za ugoko na bila mtu mzima anayejua kazi hiyo. Najua mmeshajaribu, kila ndugu wawili wenye diski hiyo wamejaribu.

Wakati unamtafutia mwalimu, mpe kazi hii. Asimame ukutani, ashike ukuta kwa mkono mmoja. Ageuze unyayo wa kushoto, nyonga izunguke, goti la kulia lipande, asirushe teke, arudi. Mara ishirini polepole, kisha abadilishe upande. Wewe kaa pembeni umwangalie kisigino tu. Kisipogeuka, hiyo haihesabiwi.